Mlango Uliofunguliwa kwa Masharti: Funzo la Shule za Kisii na Nyamira

Mtu akitaja ubaguzi wa shule, mawazo ya wengi hukimbilia Marekani. Hukumbuka uamuzi wa mahakama ya juu ya nchi ile mwaka 1954, kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Hukumbuka mji wa Little Rock mwaka 1957, watoto tisa weusi walipoingizwa darasani chini ya ulinzi wa askari wa jeshi. Wengine hukumbuka Boston, mji wa kaskazini uliojisifu kwa elimu na ustaarabu, ambako mwaka 1974 mabasi yaliyowachukua watoto weusi yalipigwa mawe. Na huko Virginia, wilaya ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za umma tangu 1959 hata 1964, kuliko kuwakalisha watoto weusi na weupe katika chumba kimoja.

Hayo ni kweli, na yafaa kukumbukwa. Lakini msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akiyasoma huyatazama kama moto wa ng'ambo: moshi auona, joto halimfiki. Husema, hayo ni mambo ya Wamarekani na rangi zao. Je, ni kweli kwamba sisi hatuna habari ya namna hiyo? La hasha! Tunayo, tena ni ndefu. Na ukurasa wake wenye mafunzo mengi zaidi haupo Nairobi wala Mombasa. Upo katika vilima vya Kisii na Nyamira, nchi ya migomba na majani chai, ambayo wengi wetu hatuijui ila kwa ndizi zake, kwa vinyago vya mawe laini ya Tabaka, na kwa walimu wanaotujia kutoka huko kuwafundisha watoto wetu.

Tuanze na yale ya nchi nzima, ili tupate kuyaelewa ya Kisii.

Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilipewa ripoti na Profesa Fraser, aliyeletwa kutoka Bombay, iliyoshauri kwamba elimu ya Kenya igawanywe kwa rangi. Mzungu apewe yake, Mhindi yake, na Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Idara ya Elimu ikaundwa mwaka 1911 juu ya msingi huo. Mwaka 1912 Shule ya Waarabu ikafunguliwa Mombasa, na hivyo sisi wa Pwani tukapewa ngazi yetu katika jengo lile lile la ubaguzi. Haikuwa ngazi ya juu, lakini haikuwa ya chini kabisa, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Wazee wa Thenashara Taifa walihangaika miaka na miaka kupinga kuhesabiwa pamoja na wale walioitwa "wenyeji", kwani kuhesabiwa huko kulikwenda na kodi, na cheo, na mlango wa shule. Mkoloni hakuhitaji kutugombanisha kwa maneno. Alitupangia milango mbalimbali, tukaanza kusukumana wenyewe.

Mwaka 1942 sheria ilipitishwa kuwalazimisha watoto wa Kizungu kusoma, pamoja na wavulana wa Kihindi katika Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtoto wa Kiafrika hakulazimishwa. Angelazimishwaje, na shule ya kumpokea haikuwapo? Huko Nairobi, Prince of Wales na Duke of York zilikuwa za wavulana wa Kizungu, na shule inayoitwa leo Kenya High ilikuwa ya wasichana wa Kizungu. Walipotokea watu wachache mwaka 1949 wakaanzisha shule ya Hospital Hill, watoto wa rangi zote wasome pamoja, jambo hilo lilionekana kama kioja.

Mambo yakabadilika upesi Uhuru ulipokaribia. Kati ya mwaka 1960 na 1963 milango ya shule za Wazungu ilianza kufunguliwa. Hapakuwa na mawe kama Boston. Baadhi ya wazazi wa Kizungu walinung'unika kwamba viwango vya masomo vitashuka, wengine wakafunga mizigo wakaenda zao kusini mwa Afrika. Waliobaki waligundua jambo moja: hakuna haja ya kupigana na sheria ikiwa karo yaweza kufanya kazi ile ile. Shule zikafunguliwa kwa rangi zote, na bei ikawekwa mlangoni. Mtoto wa waziri na wa mkurugenzi akaingia, mtoto wa kuli wa Kilindini akabaki nje. Ubaguzi ulivua koti la rangi ukavaa koti la fedha.

Hiyo ni namna ya kwanza ya kupinga shule ya wote bila kurusha jiwe. Namna ya pili ni ile ya Kisii, nayo haikuhusu rangi wala fedha. Ilihusu madhehebu.

Mwingereza aliwatawala Wakisii kwa mtutu wa bunduki, katika vita vya mwaka 1905 na 1908. Boma lilipokwisha simama, wamisionari wakafuata. Wakatoliki walifungua kituo chao Nyabururu mwaka 1911. Wasabato, wale Waadiventista wanaoitakasa Jumamosi, walifungua chao Nyanchwa mwaka 1912. Vituo hivi viwili viko karibu na mji wa Kisii, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuvitembelea vyote viwili asubuhi moja. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa kati yao, umbali ulikuwa mkubwa kuliko wa kutoka Mombasa kwenda Maskati.

Hapo mwanzo Wakisii hawakuvutiwa. Wajerumani walipoushambulia mji wa Kisii mwezi wa Septemba 1914, na Waingereza wakauhama, wananchi walivamia boma na misheni wakapora. Wengine wakalifuata kundi la Mumbo, lililohubiri kwamba Mzungu ataondoka na mambo yake yote. Mkoloni akawaandama, na baadhi ya viongozi wake wakahamishiwa huku kwetu Lamu, ili maneno yao yasifike kwao. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, watu waliona kwamba anayejua kusoma ndiye anayepata kazi ya karani, ndiye anayejua kodi imeandikwa kiasi gani, ndiye asiyedanganywa na chifu. Haja ya shule ikaenea. Na shule ilikuwa mkononi mwa nani? Ilikuwa mkononi mwa misheni.

Ndivyo nchi ilivyogawanyika. Kata hii ikawa ya Wasabato, kata ile ikawa ya Wakatoliki. Na kwa kuwa Wakisii huishi kwa koo, kila ukoo katika kilima chake, dhehebu na ukoo vikashikana kama kucha na kidole. Mzazi hakuchagua kwanza dini kisha akampeleka mtoto shuleni. Mara nyingi alichagua shule iliyokuwa karibu, na dini ikaja pamoja nayo, kama chumvi ndani ya mchuzi. Asiyetaka chumvi ile alikosa mchuzi.

Hapa namwomba msomaji atulie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mzungu wa Nairobi hakumwambia Mwafrika, "Geuka uwe mweupe, uingie." Alijua haiwezekani, basi akafunga mlango. Lakini mlango wa dhehebu haukufungwa. Ulikuwa wazi mchana kutwa, na mwenyewe amesimama kizingitini akitabasamu, akisema: "Karibu, lakini geuka kwanza." Ni upi ulio mzito zaidi, mlango uliofungwa au mlango ulio wazi kwa sharti la kuacha ulichonacho?

Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa swali hilo. Tangu zama za misheni ya Rabai na Frere Town, wazee wetu waliliona sharti lile wakalikataa. Walimpeleka mtoto chuoni akahitimu Kurani, kisha wakamweka nyumbani au dukani, kwa kuogopa kwamba akienda kwa wamisionari atarudi na jina jingine. Walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini hesabu ya hofu ile ililipwa na wajukuu. Uhuru ulipofika na ofisi za serikali zikahitaji watu wenye vyeti, walioshika vyeti walitoka zaidi Nyanza na Mkoa wa Kati kuliko Pwani. Hatukushindwa kwa ukosefu wa akili. Tulishindwa kwa sababu ada ya kuingilia shule ilikuwa imani, na sisi hatukuwa tayari kuilipa.

Mjini Kisii kwenyewe wamekuwapo Waislamu tangu siku za mkoloni. Wako Wanubi, wazao wa askari wa Sudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, na wako wafanyabiashara waliofika kwa njia ya Kisumu. Msikiti upo, na adhana husikika juu ya kelele za soko. Hao walikuwa wachache katikati ya ubishi usiowahusu. Msabato akigombana na Mkatoliki juu ya shule, kila mmoja alikuwa na shule ya kurudia. Mwislamu hakuwa nayo.

Basi Wakisii wenyewe walifanya nini? Hili ndilo jambo ambalo halitajwi sana, na ndilo ninalotaka litajwe. Mabaraza ya Wenyeji yalipoundwa katika miaka ya 1920, yalipewa uwezo wa kutoza kodi ndogo kwa kazi za wilaya. Katika Nyanza na Mkoa wa Kati mabaraza hayo yakaanza kudai jambo ambalo mkoloni hakulitarajia: shule isiyo ya misheni yoyote, itakayojengwa kwa fedha za wananchi wenyewe. Ndivyo zilivyopatikana shule za serikali za Waafrika, Kakamega, Kagumo na Kisii. Ile ya Kisii ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1930, na ndiyo inayojulikana leo kama Kisii School.

Tazama maana yake. Hao walikuwa wakulima, wengi wao hawakujua kusoma. Misheni zilikuwa zikiwapa shule bila wao kujenga. Wangeweza kusema, "Cha bure kina ubaya gani?" Badala yake walitoa shilingi zao, ambazo hazikuwa nyingi, wakanunua mlango usio na sharti. Wamisionari wengi waliziogopa shule za namna hiyo, wakaziona kama nyumba zisizo na Mungu. Lakini wazee wale hawakumkataa Mungu. Walikataa tu kwamba mtu mwingine awe bawabu Wake.

Uhuru ulipopatikana, Tume ya Profesa Simeon Ominde iliyotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964 ilikusanya mawazo hayo ikayafanya ya taifa zima. Ilisema shule za umma ziwe za watoto wote, bila ya rangi wala dini, na kwamba katika shule hizo haifai kumfanya mtoto kuwa windo la kugeuzwa imani. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1968. Kwa sheria hiyo shule za misheni zilichukuliwa na umma. Walimu wakalipwa na serikali, na serikali ikasimamia masomo. Makanisa yakaachiwa cheo kipya: yakaitwa wafadhili wa shule, yenye haki ya kushauriwa na ya kuhifadhi desturi ya dini ya shule ile.

Neno hilo, "desturi ya dini ya shule", ni dogo kama sindano, lakini limeshona mambo mengi. Nchi jirani ya Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilizitwaa shule za misheni na kuzifanya za serikali kabisa. Kenya ilichukua nusu njia: jengo na mshahara vya umma, desturi ya kanisa. Kwa hiyo katika Kisii na Nyamira vita vya madhehebu havikwisha. Vilihama kutoka uwanjani vikaingia kwenye chumba cha kamati. Nani awe mwalimu mkuu? Ni wa dhehebu letu? Ni wa ukoo wetu? Msomaji wa magazeti hakosi kukutana na habari za wazazi waliofunga lango la shule kumzuia mwalimu mkuu aliyeletwa, si kwa kuwa hajui kazi, bali kwa kuwa ametoka kilima kingine au husali siku nyingine. Na mwaka 1985 serikali ilipoagiza kwamba asilimia 85 ya nafasi za shule za sekondari zipewe watoto wa mahali hapo hapo, ukuta uliokuwa umeanza kubomoka ukapata saruji mpya.

Haya si mawe ya Boston. Ni upinzani wa watu wenye miwani na kalamu, unaoandikwa katika kumbukumbu za mkutano na kuanza kwa sala. Lakini matokeo yake yanafanana: shule iliyojengwa kwa kodi ya wote inageuzwa kuwa mali ya baadhi.

Atatokea mtu aseme kwamba nawaonea watu wa makanisa. Atasema, wao ndio waliojenga shule wakati serikali imelala. Kama si wao, Kisii na Nyamira zisingetoa madaktari na maprofesa wote wale. Maneno hayo ni ya kweli, na mwenye kuyakana hana shukrani. Aliyekuchimbia kisima usimsahau unapokunywa. Lakini mchimba kisima akiisha kulipwa, na kisima kikawa cha mji mzima, hawezi kusimama na ndoo kuuliza kila mwenye kiu anasali wapi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yenyewe imelisema jambo hili: mfadhili ana nafasi yake katika bodi na katika malezi ya kiroho, lakini ni lazima imani za wengine zihifadhiwe. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi kwa karibu.

Katika miaka hii kumekuwa na kesi mbili kubwa za dini katika shule za umma. Ya kwanza twaijua sote, maana ni ya hijabu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuruhusu hijabu katika shule ya Kenya High, shule ile ile iliyokuwa ya wasichana wa Kizungu pekee. Kisha likaja shauri la Isiolo, katika shule ya kutwa ya Kiwanjani inayofadhiliwa na kanisa la Methodist. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wasichana wa Kiislamu wavae hijabu na suruali pamoja na sare. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba dai lile halikuletwa mbele ya mahakama kwa utaratibu unaofaa. Wengi wetu tulihuzunika.

Ya pili wachache huku Pwani waliifuatilia. Wasabato walishtaki kwa sababu watoto wao katika shule za umma walilazimishwa kusoma na kufanya mitihani siku ya Jumamosi, ambayo kwao ni siku takatifu tangu jua la Ijumaa linapotua. Mahakama Kuu haikuwakubalia. Walikata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba haki yao ya ibada ilikuwa imekiukwa.

Nauliza: ni misikiti mingapi iliyoitaja kesi hiyo? Ni nani kati yetu aliyesema, "Msabato wa Nyamira ni mwenzangu katika jambo hili"? Nafikiri ni wachache mno. Na huku ndiko kukosa busara. Hoja ya mtoto wa Kisabato anayesema "Jumamosi siwezi" na hoja ya binti wa Kiislamu anayesema "kichwa wazi siwezi" ni hoja moja. Wote wawili hawaombi shule iwe ya dini yao. Wanaomba tu kwamba mlango wa umma usiwe na sharti la kuacha imani nje, kama viatu. Akishinda mmoja, njia ya mwingine imefyekwa. Akishindwa mmoja, mwingine ajiandae.

Lakini hoja hii ina upande wa pili, na sitaki kuuruka. Msabato huyo huyo aliyeshinda mwaka 2017 ana shule nyingi huko Kisii na Nyamira anazozifadhili yeye. Je, mtoto wa Kinubi akiwa humo, huruhusiwa kwenda kuswali Ijumaa? Je, mtoto wa Kikatoliki hulazimishwa kukaa ibada ya Jumamosi? Haki unayoidai mahakamani Nairobi ndiyo unayotakiwa kuitoa nyumbani kwako. Mwenye kulia kwa kuonewa, kisha akapata kiti akaonea, hakuwa akililia haki. Alikuwa akililia kiti.

Na sisi je? Tusijifanye watakatifu. Ziko shule za umma katika Pwani ambazo Waislamu ndio wengi, na ndani yake wamo watoto wa kutoka bara: wa Kisii, wa Kiluo, wa Kikamba, ambao wazazi wao ni walimu, askari na wafanyakazi wa bandari. Wakati wa mfungo wa Ramadhani, mtoto huyo apata wapi mahali pa kula chakula chake bila kuzomewa? Mwalimu wa Kikisii anayepangiwa shule ya kisiwani hupokewa kama mgeni mheshimiwa au kama "mtu wa bara" asiyestahili? Tukijibu kwa ukweli, tutaona kwamba kizingiti kile tunachokilaani Kisii, tunacho pia mlangoni kwetu. Ustaarabu wa Pwani tunaojivunia ulijengwa na kupokea wageni. Ukiishia msikitini na sokoni usifike shuleni, si ustaarabu mzima.

Kuna wanaosema dawa ni rahisi: kila dini ijenge shule zake, ugomvi uishe. Nao hutoa mfano wa ile Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojengwa karibu na mwaka 1950 kwa michango ya watu kama Aga Khan na Sultani wa Unguja pamoja na serikali, iwafunze ufundi Waislamu wa Afrika Mashariki. Baada ya Uhuru ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1966 ikabadilishwa jina, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wapo wazee ambao hadi leo huiona habari hiyo kama mali ya yatima iliyoliwa.

Uchungu wao naufahamu, na kumbukumbu ya waliotoa fedha zao haifai kufutwa. Lakini tukisema kwamba kanisa halina haki ya kuifunga shule ya Nyamira ambayo lilianza kuijenga, twawezaje kusema kwamba sisi tunayo haki ya kukifunga chuo cha Mombasa? Mizani ni moja. Kujenga shule za Kiislamu za binafsi ni jambo jema, na nyingi zimejengwa, nazo zimefaulu. Hata hivyo hazimtoshi maskini. Anayeweza kulipa huchagua. Asiyeweza hupelekwa ile ya serikali, na huko ndiko waliko watoto wetu walio wengi. Tukiiacha shule ya umma kwa sababu tumejenga ya binafsi, tutakuwa tumefanya yale yale waliyofanya Wazungu wa Nairobi mwaka 1963: tumewaokoa watoto wa wenye nacho.

Kwa hiyo natoa mawazo matatu, si kwa Kisii na Nyamira tu, bali kwa nchi nzima.

Kwanza, kila shule ya umma iandike waziwazi, katika karatasi anayopewa mzazi siku ya kumwandikisha mtoto, ni vipi mtoto wa imani nyingine atakavyohifadhiwa: ibada yake, mavazi yake, chakula chake na siku yake takatifu. Jambo likiandikwa halitegemei tena huruma ya mwalimu mkuu. Leo mwema yupo, kesho atahamishwa.

Pili, mfadhili abaki na heshima yake lakini asiwe na kura ya kuchagua mwalimu mkuu kwa dhehebu lake. Mwalimu ni mtumishi wa umma. Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu wakuu mbali na kwao, walimu wengi waliumia, familia zikatenganishwa, na yafaa kusemwa kwamba mpango ule ulikuwa mkali kupita kiasi. Lakini swali lililokuwa ndani yake lilikuwa la haki: shule ni ya nani?

Tatu, na hili ni letu wenyewe, wazazi wa Kiislamu tuhudhurie mikutano ya shule. Wakisii wa miaka ya 1930 hawakupata shule yao kwa kulalamika barazani. Waliketi katika Baraza, wakapiga hesabu, wakatoa kodi, wakasimama imara. Sisi huanza kupiga kelele binti akiisha kufukuzwa, ilhali kanuni iliyomfukuza ilipitishwa mwaka mzima uliotangulia, katika mkutano ambao viti vyetu vilikuwa vitupu.

Rangi ilipigwa marufuku mlangoni mwa shule zetu zaidi ya miaka sitini iliyopita, na hakuna anayethubutu kuirudisha kwa jina lake. Karo ilipunguzwa mwaka 1974 Mzee Kenyatta alipoiondoa katika madarasa ya chini, na ikaondolewa tena mwaka 2003 katika shule zote za msingi za umma, ingawa hurudi kisirisiri kwa majina ya michango. Lililobaki ni lile sharti la tatu, linalosema karibu na huku linadai malipo ya moyo. Wazee wa Kisii walilitambua mapema kuliko sisi sote, wakalijibu kwa shilingi zao. Jibu lao bado ni jema: shule iliyojengwa kwa jasho la wote, mwenye kuingia aingie na alichonacho.